Roboti ya roulage na beseni ya mama wa lengalenga



Kumepita wiki mbili, ile video ya zamani ya roboti ya roulage imerudi tena mu WhatsApp. Sina lazima ya kuieleza sana: jitu la chuma limesimama juu ya kijukwaa mu njiapanda, kifua kina taa nyekundu na kijani, mikono inapanda na kushuka pole pole kama mzee anayefanya gymnastique asubuhi. Mu groupe yetu ya vijana wa Bel-Air watu wakaanza: "Tunaomba moja hapa kwetu!" "Bashofere watashika adabu!" Mwingine, mwenye lisansi ya droit tena, akaandika kwamba kama roboti ingesimama pale tunavukiaka kwenda sokoni, ule mama hangevunjika mguu.

Ile message ya mwisho njo ilinigusa, sababu ule mama ninamjua. Nitarudia kwake.

Mimi nilisomea agronomie, sikusomea njia. Lakini ku université walitufundisha kintu kimoja chenye kinasaidia kila pahali: mbele ya kusifu dawa, angalia kwanza ugonjwa uko wapi, ku jani ao ku mzizi. Basi nataka tuiangalie ile roboti vile mtu anaangaliaka kitabu ao mchezo wa théâtre. Nani aliitunga, inasema na nani, inamuona nani, na nani inamupita bila kumuona.

Tuanze na sifa, juu sifa zake ni za kweli. Iliyoitunga ni akili ya Kongo: Thérèse Izay Kirongozi, mama engineer wa Kinshasa, na wenzake. Za kwanza zilisimama Kinshasa mwaka wa 2013. Mwaka wa 2015 zikaongezeka, na Lubumbashi nayo ikapata za kwake. Urefu karibu mita 2.5, mwili wa aluminium juu ya jua na mvua yetu, umeme wa jua ili isilale wakati SNEL inalala, camera ya kuangalia magari. Inasema pia: inawaambia bashofere wawaachilie watu wa miguu njia. Mu mji kwenye feu rouge inaweza kuzima mwezi mzima, kuweka taa yenye inajilisha yenyewe ku jua ilikuwa wazo nzuri sana, na sitamwachia mtu hapa aseme kinyume.

Mwaka ule nilikuwa namaliza sekondari. Nilisimama kuiangalia na wenzangu, tukiwa na uniforme, tukachelewa masomo. Wote walikuwa wanaangalia. Shofere wa taxi alitoa kichwa chote inje ya dirisha, simu mu mkono, apige picha. Tulijisikia vizuri. Kintu cha kwetu, kimetengenezwa na watu wetu, na wazungu njo wanakuja kukipiga filamu.

Lakini sasa nikikumbuka, naona ile furaha haikutoka kwa kile roboti inafanya. Ilitoka kwa kile roboti haifanyi. Haiombi makuta ya sucré. Haifungui mlango wa mbele na kuingia ndani ya motokari yako bila kuitwa. Haisemi "twende ku bureau". Kila sifa watu walikuwa wanaipatia roboti, ukiigeuza, ni lawama kwa polisi wa roulage. Na ile lawama iko na msingi: wanauchumi walishachunguza roulage ya Kinshasa na kukuta kwamba wakubwa wanamuwekea kila agent hesabu ya magari ya kuleta ku bureau kila siku. Mtu mwenye hesabu ya kutimiza anasimama njiapanda kama mvuvi. Kama mtoto anavuka ao havuki, haiko mu hesabu yake.

Kwa hiyo roboti ilikuwa satire, hata kama aliyeitunga hakuitaka hivyo. Mu satire nayo iko nzuri kabisa. Mimi nauliza tu kama satire inaweza kumvusha mtu.

Angalia uso wake umegeukia wapi. Umegeukia magari. Na imesimama wapi? Mu njiapanda kubwa za mjini, kwenye magari yanapunguzaka mwendo tayari sababu yanaogopana yenyewe kwa yenyewe. Uende asubuhi hapa Bel-Air, saa moja na nusu, uhesabu watu wanavukia wapi. Njiapanda? Hapana. Wanavukia pa soko, pa kanisa, pa shule, pa forage ya maji, pa arrêt ya taxi-bus. Ni pahali pa kati kati, kwenye njia imenyooka, kwenye lami iko mpya na shofere anasikia motokari yake inaanza kupumua. Pale hakuna kintu cha kumwambia asimame. Ukipanda roboti pale, itafanya nini? Itainua mkono wa kuume, itawasha nyekundu, na nyuma ya dakika moja itawasha kijani, mtu awepo ao asiwepo. Wiki ya kwanza watasimama kupiga picha. Wiki ya tatu watapiga klaksoni.

Sasa ule mama.

Niko nafanya kazi na kikundi cha mama wanaolima mboga pembeni ya mji: lengalenga, sombe, matembele, vitunguu ya majani. Wanavuna mbele jua halijatoka, wanafunga, wanapakia mu beseni, wanakuja kuuza. Yeye ni mmoja wao, mtu wa miaka 50 na kitu, mwenye kuniita "mwanangu agronome" hata mbele ya wakubwa wangu. Alivuka vile anavukaka kila siku. Taxi-bus ilisimama kupakia watu, yeye akapita mbele yake, na motokari nyingine ikatoka nyuma ya taxi-bus ikiipita. Mguu ulivunjika pahali pawili. Lengalenga ilijaa mu njia yote. Vijana walitaka kumpiga shofere, shofere akakimbia, motokari ikavunjwa vioo, na jioni kila mtu alirudi nyumbani na hadithi.

Nilipoenda kumuona ku hospitali nilimuuliza swali la kijinga, lile tunawaulizaka wote: "Mama, haukuangalia?" Hakukasirika. Alinionyesha tu. Alichukua sahani iliyokuwa pa meza ndogo, akaiweka juu ya kichwa, akaishika na mkono mmoja, akaniambia: "Angalia sasa, mwanangu. Mimi naangalia namna gani?" Na kweli. Mtu mwenye kilo 20 za mboga na maji juu ya kichwa hageuzi shingo. Ili aangalie kushoto, anageuza mwili mzima, mabega na miguu, pole pole. Ili aangalie kuume, anageuka tena mwili mzima. Wakati amemaliza kuangalia kuume, kile aliona kushoto kimeshazeeka. Tena hawezi kukimbia, na hawezi kuruka nyuma. Akishaanza kuvuka, amevuka.

Mimi nimewaona mama wakivuka hivyo tangu nizaliwe, na sikuwahi kuona.

Fanya hesabu. Njia ya mita 9, mtu mwenye mzigo anatembea mita moja kwa sekunde: sekunde 9. Mu sekunde 9, motokari ya 60 km/h inakimbia mita 150. Maana yake, wakati mama anashusha mguu wa kwanza juu ya lami, motokari yenye itamfikia bado iko mbali mita 150, labda nyuma ya kamioni, labda mu vumbi. Yeye hakukosea. Wakati anaangalia, njia ilikuwa tupu.

Na shofere? Shofere wa 50 km/h, hata akiwa na macho mazuri na breki nzuri, anahitaji sekunde moja ya kushituka. Mu ile sekunde ameshakula mita 14 mbele mguu haujafika pa breki. Ataisimamisha motokari ku mita 28 hivi, kama lami iko kavu. Shofere wa 30 km/h anasimama ku mita 13. Angalia vizuri ile tofauti: pahali ule wa 30 ameshasimama kabisa, ule wa 50 bado hajaanza kufunga breki. Wote wawili wanaweza kuwa wakristu wazuri, wote wawili wanaweza kumpenda mama yao.

Kwa sababu ya ile hesabu, nakasirikaka nikisikia lile neno tunalipenda sana sisi wenye diplôme: mentalité. "Congolais ni mentalité, huku kwetu haiwezekane." Tunalisema na mdomo mzuri, kama vile sisi hatuko ndani. Ngoja niwaambie ya Kasumbalesa.

Mwaka jana nilienda Ndola kutafuta mbegu. Nilipanda mu kamioni ya shofere mmoja wa hapa, mtu wa kucheka, anaendesha hii njia tangu nikiwa mtoto. Kutoka Lubumbashi mpaka mpaka wa Kasumbalesa ni karibu kilometa 90, na mu zile kilometa 90 sikumuona hata mara moja akipunguza juu ya mtu wa miguu. Alikuwa anapiga klaksoni kutoka mbali, watu wanatawanyika kama kuku. Tukavuka mpaka. Huko wanapita kushoto, yeye akahamia kushoto bila hata kukata hadithi yake. Tukaingia Chililabombwe, mji wa kwanza. Kuko mistari myeupe, watoto wawili wa shule wanangoja pembeni. Shofere wangu akapunguza, akasimama, akawapungia mkono wapite. Kama padri!

Nikamuuliza: "Papa, ni wewe?" Akacheka. "Huku kuko dodani, mudogo wangu. Ukiziparamia, ma-lame ya kamioni yanakatika, patron atakukata mshahara. Na askari wao wakikushika unalipa na reçu."

Mtu ni mmoja, mama yake ni mmoja, mentalité ni ile ile. Kilichobadilika ni njia. Sisemi Zambia ni paradizo. Huko pia watu wanakufa mu njia. OMS ilihesabu watu milioni 1.19 waliokufa mu njia za dunia yote mwaka wa 2021, na kanda ya Afrika njo iko na kiwango cha juu kuliko zote, hata kama magari yetu ni machache kuliko ya wengine. Nasema tu kwamba tabia ya shofere wangu ilibadilika mu saa moja, bila seminaire.

(Mimi mwenyewe mu Ndola nilitaka kufa. Niliangalia kushoto kwanza, vile mama alinifundisha Bel-Air, nikashusha mguu, na motokari ikatoka kuume. Mzee mmoja wa kule alinivuta shati. Kwa hiyo na mimi mwenye lisansi niko na mentalité.)

Wenzetu waliopita Kigali wanarudiaka na hadithi ya "Sofia". Sofia si binti. Ni jina watu wa kule walizipatia camera za kupima mwendo zilizowekwa pembeni ya njia. Sofia na roboti yetu ni dada kwa upande wa camera, lakini angalia tofauti yao. Roboti inaonekana kutoka mbali na inasema sana. Sofia hasemi kintu, unasikia habari yake ku simu, na faini iko tayari. Mimi siko shabiki wa faini peke yake, sababu najua hapa kwetu faini ingeingia mfuko gani. Lakini kama kazi ni kumfanya shofere apunguze, Sofia anafanya kazi, na roboti inafanya hotuba.

Mtu ataniambia: na Bogotá? Kweli, na mimi niliisoma ile hadithi na niliipenda. Antanas Mockus, maître wa mathématiques na philosophie aliyekuwa meya wa Bogotá kuanzia 1995, alitia waigizaji wa mime mu njiapanda, uso umepakwa nyeupe, wakawa wanawachekelea bashofere wanaosimamisha motokari juu ya mistari ya watu wa miguu. La Paz, mu Bolivia, tangu 2001 vijana wanavaa mavazi ya punda milia na kuwavusha watu huku wanacheza. Utasema, zile si sawa na roboti? Ni theatre yote.

Ni theatre, lakini moja iko na macho. Mime anakuchagua wewe. Anakuja mbele ya motokari yako wewe, anakushika mu haya mbele ya bibi yako aliyekaa pembeni, na watu wa njiani wanacheka wewe. Roboti haiwezi kumpatia mtu haya, kwa sababu yenyewe haina. Inawaambia wote waachilie watu wa miguu, basi hakuna anayesikia kwamba ameitwa. Na kintu kingine: mime na punda milia wa La Paz wanafanya kazi kwenye magari yameshasimama ao yanatembea pole, mjini kati. Hakuna meya aliyemtuma kijana avae mkia wa punda milia akasimame mbele ya kamioni ya cuivre yenye tani 30 inayoshuka na 70. Hata Mockus hangefanya hivyo.

Na ile mistari myeupe yenyewe, pasaje, tusiidanganyie imani mingi. Waingereza waliiweka mu sheria yao mwaka wa 1951, na leo dunia yote iko nayo. Sisi pia tuko nayo mu sheria: Code yetu ya njia ni ya tarehe 30 Agosti 1978, na inamlazimisha shofere amuachilie mtu aliyeingia ndani ya pasaje. Imekuwa sheria mbele ya wengi wetu hatujazaliwa. Lakini rangi ni rangi. Watu wa Marekani walichunguza pasaje zao nyingi, wakakuta kwamba mu njia pana yenye magari mingi, mistari peke yake bila kintu kingine haiongezi usalama, inaweza hata kuleta hatari zaidi. Hapa kwetu, nyuma ya masika moja, vumbi nyekundu na maji vimeshaifuta. Inabaki mistari mu kichwa cha mtu wa miguu tu. Shofere haioni.

Kuna shida nyingine yenye roboti haikuijibu, na inatuhusu sisi wa Lubumbashi kuliko wengi. Sisi tunapita kuume. Magari yetu mingi yanatoka Japani, kwenye wanapita kushoto. Usukani uko kuume, na ile taxi-bus ambayo haikubadilishwa iko na mlango upande wa kushoto. Ikisimama pembeni ya njia, mlango unafunguka wapi? Kati kati ya njia! Watu wanashuka ndani ya magari. Na shofere mwenye usukani kuume, akitaka kuipita taxi-bus ya mbele yake, haoni kintu mpaka ametoa karibu motokari nzima upande wa pili. Njo hivyo ule mama aligongwa. Aliyemgonga hakuwa mlevi wala hakuwa na simu ku sikio. Alitoka kuona kama njia iko wazi, na njia ilikuwa na mama. Kila mara nasikia "bashofere wa hapa ni wanyama", nakumbuka kwamba yule alikuwa amekaa upande mbaya wa motokari yake mwenyewe. Hilo halimwondolee kosa la kukimbia. Lakini mu ile video ya roboti, nionyeshe pahali usukani unaonekana.

Nirudie kazi yangu kidogo, mnivumilie. Mu mashamba yenye mteremko, bulongo yetu nyekundu, mvua ya Januari inakuja na kubeba kila kitu. Mkulima anaweza kufanya nini? Hawezi kuweka kibao: "Maji, heshimu shamba." Anachimba matuta ya kukata mteremko, moja nyuma ya ingine. Maji yakifika pale yanapunguza, yanakaa, yanaingia udongoni. Hakuna anayemuuliza mvua kama iko na mentalité nzuri. Dodani ni lile tuta. Nilishangaa sana siku nilielewa hivyo, nikiwa nimesimama pembeni ya njia nangoja kuvuka.

Na kuko watu walioielewa mbele yangu, kwa Kiswahili tena. Dar es Salaam, shirika linaloitwa Amend lilianza programu ya kutengeneza njia karibu na shule za msingi, SARSAI. Mwaka wa 2019 ile programu ilishinda tuzo ya kwanza ya miji ya WRI Ross Center, ikipita miradi ya miji mikubwa ya dunia. Ukiangalia walifanya nini, unaweza hata kucheka: njia ndogo ya kando ya watoto kutembelea, dodani, vizuizi vya kuzuia magari yasipande pembeni, mistari myeupe baada ya dodani kuwa tayari, kibao, na pengine kusogeza mlango wa shule utokee upande usio wa njia kubwa. Mlango! Mimi niliposoma hayo ya mlango nilifunga simu. Walianza na swali roboti haikuuliza: mtoto anatokea wapi, anaelekea wapi?

Weka pembeni yake Nairobi: Thika Road ilipofunguliwa mwaka wa 2012, njia kubwa kweli, walijenga madaraja ya watu wa miguu juu yake, na bado watu walikuwa wanakatiza chini kati ya magari. Wakaitwa wakaidi. Panda ngazi na beseni ya kilo 20 kichwani, halafu tuongee ukaidi.

Sasa bei. Mwaka wa 2015 ilitangazwa kwamba roboti moja inafika dola 27,500. Sitaki kufanya ile hesabu ya "tungejenga dodani ngapi", sababu najua zile dola hazingekuja Bel-Air hata kidogo. Roboti inapata pesa kwa sababu inaonekana. Mkubwa anaweza kusimama pembeni yake na kukata ruban. Nani atakata ruban ya dodani? Kila mtu anayepita juu yake anatukana aliyeijenga. Dodani ni kintu chenye hakina rafiki, isipokuwa mtu wa miguu, na mtu wa miguu hajui hata kwamba imemsaidia, sababu siku yake imepita tu bila kitu.

Tuko na ushahidi hapa hapa. Nyuma ya ajali ya ule mama, vijana wa avenue walijenga dodani yao: mawe, udongo, na mfuko mmoja wa cimenti. Ilikuwa mbaya, nakubali. Ilikuwa juu sana upande mmoja, usiku haionekani, na motokari ndogo zilikuwa zinakwaruza tumbo. Lakini mu ile miezi yote ilikuwepo, mama walivuka. Niliwaona kutoka kwenye nasimamaka kungoja taxi: motokari inafika, inafunga breki, inapanda pole, na wakati inapanda, mama na beseni yake ameshafika ngʼambo. Hakuna aliyepungiana mkono. Hakuna aliyeheshimu mtu.

Kisha ikavunjwa. Siku moja tulikuta imesawazishwa, wakasema inaharibu magari na haina autorisation. Hiyo ya autorisation ni kweli, haikuwa nayo. Mvua ya masika imebeba iliyobaki.

Basi kwa mwenzangu wa droit, ulioandika kwamba roboti ingemwokoa mama: kama uko na nguvu ya kuandika, andika ile barua ya kuomba autorisation. Wewe njo ulisomea hayo. Weka ndani mita, urefu, upana, kibao mbele yake, rangi ya usiku. Mimi nitakupatia hesabu ya watu wanaovuka, nimeshaanza kuihesabu asubuhi tatu. Waliopita na mzigo ku kichwa nawaandika kando.

Ule mama alirudi kuuza mwezi wa tano. Nilimuonyesha video mu simu yangu, juu nilitaka kujua atasema nini. Aliiangalia yote mpaka mwisho, ikiinua mikono na kushusha. Aliniuliza kama ile roboti inaweza kumtua beseni. Sasa akifika pa njia anaita mtoto yeyote aliye karibu, anatua beseni chini, anaangalia huku na huku na shingo yake mwenyewe, wanavuka wakiibeba wawili, halafu mtoto anamsaidia kuitwika tena. Asubuhi mara moja, na jioni mara moja ikiwa haikuisha. Mtoto anapata fungu moja ya lengalenga.

Vijana wa avenue wanasema wakipata autorisation watahitaji mifuko minne ya cimenti, sababu hii ingine wanataka kuijenga vizuri, na rangi. Mbili ziko kwangu nyuma ya mlango.